Ngoma nyingi, sikio moja: Jinsi santuri za stirio zilivyochelewa kufika Nyanza

MAHOKO, Rubavu – Anayeshuka kwenye gari la abiria hapa Mahoko, katika sekta ya Kanama, kando ya barabara kuu ya Musanze kwenda Gisenyi, hupokewa na muziki kabla hajapokewa na mtu. Kama ilivyo katika vituo vingi vya biashara vya ukanda huu, mwenye duka huweka spika moja mlangoni kuelekea barabarani, nyingine akaiacha ndani juu ya kabati. Waya wa kushoto unakwenda nje, wa kulia unabaki ndani. Wapita njia wana spika yao na wateja wana yao.

Kwa nyimbo za siku hizi hakuna hasara kubwa. Fundi wa studio humweka mwimbaji katikati, yaani kwa nguvu ileile pande zote mbili, na besi vilevile. Lakini ukiwekwa wimbo wa miaka ya 1960, hasa wa Ulaya au Marekani, mambo hubadilika. Mteja aliye ndani anaweza kusikia ngoma na gitaa bila mwimbaji, huku anayepita barabarani akimsikia mwimbaji peke yake, kama mtu aliyeachwa na bendi yake njiani. Mwenye duka atatikisa waya, atagonga redio, atamwita fundi. Fundi hataona kasoro, kwa sababu haipo. Stirio ya mwanzo ndivyo ilivyotengenezwa: huyu kushoto, yule kulia, katikati patupu.

Nyuma ya waya hizo mbili kuna kisa cha wahandisi waliotumia zaidi ya robo karne kutafuta njia ya kuingiza masikio mawili ndani ya santuri moja. Ni kisa cha London, Philadelphia na New York. Kinaihusu Rwanda na majirani zake pia, maana katika miaka hiyohiyo ngoma za mwami kule Nyanza na ala za kabaka kule Mengo zilikuwa zikirekodiwa kwa maikrofoni moja, na wapigaji wake hawakusubiri mtambo mpya ufike.

Kazi ya masikio mawili inajulikana na kila anayevuka barabara hapa Mahoko. Fumba macho kidogo, mahali pa salama, usikilize lori linaloteremka kuelekea Gisenyi. Utajua limetoka upande gani, limefika wapi na linapotelea wapi. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Ikitokea kushoto hufika sikio la kushoto kwanza, na tofauti ya kufika sikio la pili haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo unaikamata tofauti hiyo ndogo, unaongeza na ile ya nguvu, kwa kuwa kichwa chenyewe huzuia sehemu ya sauti, kisha unaamua: lori liko pale.

Santuri za zamani hazikuwa na uwezo huo. Wanamuziki hata wakiwa ishirini wamesambaa uwanjani, kwenye santuri wote walisongamana katika tundu moja. Msikilizaji alikuwa kama mtu anayetazama harusi kupitia tundu la ufunguo: bibi harusi yumo, wazazi wamo, wapiga ngoma wamo, ila hajui nani amesimama karibu na nani.

Jaribio la kwanza linalojulikana la kuvunja tundu hilo halikuwa la santuri. Mwaka 1881 Mfaransa Clément Ader alipanga maikrofoni za simu mbele ya jukwaa la Opera ya Paris, akawapa wageni wa maonyesho ya umeme vipokeo viwili, kimoja kwa kila sikio. Watu waliwasikia waimbaji wakihama kutoka upande mmoja wa jukwaa kwenda mwingine. Lakini simu haihifadhi kitu. Wimbo ukiisha, umeisha.

Aliyeipatia santuri jibu ni Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI. Inasimuliwa kwamba alikwenda sinema na mwanamke aliyekuja kuwa mkewe, akakerwa na jambo ambalo wengine hawakulijali: mwigizaji amesimama upande mmoja wa pazia, sauti yake inatoka upande mwingine, kwenye spika moja iliyotundikwa pale. Tarehe 14 Desemba 1931, akiwa na umri wa miaka 28, aliwasilisha ombi la hataza lililokuja kupewa namba 394325, lenye madai 70. Ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu ambacho dunia ingekiita stirio baadaye: namna ya kupanga maikrofoni mbili, namna ya kuziunganisha sauti zake, na namna ya kuzichonga pamoja kwenye mfuo mmoja wa santuri.

Hapo kwenye mfuo ndipo ufundi ulipo. Mfuo ni ule mstari mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni mwa santuri hadi karibu na katikati. Ukiukuza kwa darubini utaona si mstari bali ni bonde, lenye kuta mbili zinazokutana chini, kama Mto Sebeya unavyopita kati ya vilima vya huku. Blumlein alizilaza kuta hizo kwa nyuzi 45 kila moja, akaupa ukuta mmoja sauti ya kushoto na wa pili sauti ya kulia. Sindano ni moja tu, lakini inasukumwa na kuta mbili.

Uzuri wake ni huu. Sauti ikiwa sawa pande zote mbili, sindano huyumba kushoto na kulia peke yake, kama ilivyofanya katika santuri za kawaida. Pande zikitofautiana, sindano huanza pia kupanda na kushuka. Kwa hiyo mashine mpya inaweza kucheza santuri ya zamani bila taabu, na mtu aliyenunua santuri zake kwa miaka mingi halazimiki kuzitupa. Mfanyabiashara yeyote wa Mahoko angeelewa mara moja thamani ya wazo hilo. Mteja hapendi kuambiwa kwamba mali aliyonayo nyumbani imekufa.

Majaribio yalifuata. Desemba 1933, kule Hayes, magharibi ya London, Blumlein na wenzake waliwarekodi watu wakitembea chumbani huku wakizungumza, ili tu kusikia kama santuri itaonyesha wanakotembea. Ikaonyesha. Januari 1934 mtambo ulipelekwa studio za Abbey Road, ambako Thomas Beecham alikuwa akiongoza orkestra ya London Philharmonic katika simfoni ya Mozart iitwayo Jupiter. Mwaka 1935 zikaja filamu fupi za majaribio, moja ikiwa na magari moshi yanayopita katika stesheni ya Hayes, sauti ikiyafuata magari kutoka upande mmoja wa pazia hadi mwingine.

Marekani nako hawakulala. Katika maabara za Bell, Arthur Keller na wenzake walirekodi orkestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski mwaka 1932, wakitumia mifuo miwili katika santuri moja. Stokowski alikuwa mwanamuziki wa aina adimu: alipenda kuingia katika chumba cha mafundi na kushika vitufe mwenyewe.

Kisha kazi yote ikaingia kabatini. Uchumi wa dunia ulikuwa umedorora, santuri za shelaki zilikuwa na mkwaruzo uliofunika nusu ya ufundi huo, na hakuna aliyeona nani atanunua mashine ya bei kubwa ili amsikie mpiga fidla akiwa kushoto. Blumlein alihamishiwa kwenye televisheni, na vita ilipoanza akahamia kwenye rada. Tarehe 7 Juni 1942 ndege ya kijeshi aliyopanda kwa majaribio ya rada ilianguka magharibi mwa Uingereza, ikaua wote waliokuwamo. Alikuwa na miaka 38. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya siri, habari za kifo chake hazikutangazwa wakati huo, na santuri zake mbili-mbili zilibaki rafuni.

Sasa hesabu miaka. Mwaka 1935 na 1936, wakati filamu ya magari moshi ya Hayes bado mpya, msafara wa Armand Denis na Leila Roosevelt ulipita Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi ukiwa na mtambo wa kurekodi. Miongoni mwa walivyorudi navyo ni ngoma za mwami wa Rwanda, ambazo zilitolewa kwenye santuri Marekani na kuwashangaza wengi. Zilikuwa santuri za sikio moja.

Ngoma hizo hazipigwi na mtu mmoja. Kundi zima husimama pamoja, ngoma zikitofautiana kwa ukubwa na kwa kazi. Ndogo kuliko zote, ishakwe, yenye sauti ya juu, ndiyo inayoshika mwendo. Inyahura, igihumurizo na impuma zinajibu chini yake, kila moja na uzito wake. Aliyesimama mbele yao anajua mara moja pigo hili limetoka kwa nani, kwa sababu anaona mkono na sikio linathibitisha. Kwenye santuri ya 1936 mapigo yote yanatoka mahali pamoja. Nguvu ipo. Mpangilio haupo.

Mwaka 1952 alikuja Hugh Tracey. Huyu si wa kupita haraka, maana bila yeye sehemu kubwa ya muziki wa zamani wa ukanda huu isingesikika tena. Alitoka Afrika Kusini na gari lililosheheni mitambo, jenereta ikisimamishwa mbali na waya ukivutwa hadi kwa wanamuziki ili mngurumo usiingie. Alipita Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo na Rwanda katika safari za 1950 na 1952, na mkusanyiko wake ukaja kujaza santuri zaidi ya 200. Kule Nyanza alirekodi ngoma na nyimbo za ikulu ya Mwami Mutara Rudahigwa.

Tracey alikuwa na maikrofoni moja, na alijua upungufu wake. Mara nyingi hakuiweka juu ya mguu wa chuma. Aliishika mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa zeze, kisha kwa ngoma, kama mtu anayemulika chumba kwa tochi. Msikilizaji makini anaweza kuusikia mkono huo ukitembea. Ni ustadi mkubwa, lakini ni ustadi wa mtu aliyenyimwa jicho la pili. Na wazo la jicho hilo la pili lilikuwa na miaka ishirini na moja katika makaratasi ya hataza.

Mwaka huohuo wa 1952 Mmarekani Emory Cook alianza kuuza santuri za masauti mawili. Hakutumia mfuo wa Blumlein. Aligawa santuri katika pete mbili, ya nje sauti ya kushoto, ya ndani sauti ya kulia, na mkono wa mashine ulikuwa na vichwa viwili vyenye sindano mbili. Msikilizaji alitakiwa ashushe sindano zote mbili katika mfuo sahihi kwa wakati mmoja. Akikosea kwa mfuo mmoja tu, kushoto kunatangulia kulia na orkestra inajifukuza yenyewe. Santuri yenyewe ilibeba nusu ya muziki kwa sababu nafasi iligawanywa. Wapenzi wa mitambo walifurahia mateso hayo. Watu wa kawaida waliendelea na zile za kawaida.

Mlango ulifunguka Novemba na Desemba 1957. Kampuni ya Westrex ilikuwa imetengeneza kichwa cha kuchonga mfuo wa nyuzi 45 kwa 45, lile bonde la Blumlein, na ilikuwa ikisubiri makampuni makubwa yakubaliane. Sidney Frey wa kampuni ndogo ya Audio Fidelity hakusubiri. Aliwapelekea Westrex mkanda wake, akachongewa santuri, akafyatua nakala 500. Upande mmoja ulikuwa na bendi ya jazi ya Dukes of Dixieland; upande wa pili, sauti za magari moshi. Tarehe 13 Desemba aliionyesha hadharani New York, kisha akatangaza kumpa nakala ya bure mtu yeyote wa biashara hiyo atakayeandika kwa karatasi rasmi ya kampuni yake. Wengi waliopokea hawakuwa na sindano ya kuichezea. Ndiyo ilikuwa shabaha yake: santuri ikiwapo, mtengeneza sindano atajitokeza. Mwaka 1958 makampuni makubwa yakafuata, na madukani yakaanza kuonekana majalada yenye neno stereo kwa herufi kubwa.

Na sauti gani iliuza mashine hizo? Ngoma. Mwaka 1959 kiongozi wa bendi wa Marekani, Enoch Light, alitoa albamu iitwayo Persuasive Percussion, ambamo ngoma na marimba ziliruka kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia na kurudi, kwa ajili tu ya kuwaonyesha majirani kwamba mashine mpya inafanya kazi. Mwaka 1960 ilishika namba moja Marekani. Mamilioni ya watu sebuleni walitaka kujua ngoma hii iko wapi na ile iko wapi.

Swali hilohilo lingeweza kuulizwa Nyanza na likapata jibu la maana zaidi. Lakini muda ulikuwa unakwisha. Mwami Mutara alifariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959. Machafuko yakafuata mwishoni mwa mwaka huo, na tarehe 28 Januari 1961 ufalme ukatangazwa kufutwa. Wapiga ngoma wa ikulu wakawa hawana ikulu. Kati ya santuri ya Sidney Frey na tangazo la Gitarama ni miaka mitatu na ushei.

Uganda ilipata muda mrefu kidogo, na hasara yake pengine ni kubwa zaidi, kwa sababu muziki wa Mengo ulijengwa juu ya kukaa pande mbili. Katika amadinda, marimba ya Baganda yenye vipande 12, wapigaji wawili hukaa wakitazamana. Wa kwanza anapiga mapigo yake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili anaingiza yake katikati ya nafasi zilizoachwa, moja kwa moja, bila kugusana. Wa tatu anarudia juu noti mbili tu kila zinapojitokeza. Anayesikiliza kwa mbali husikia mkondo mmoja wa haraka kupita uwezo wa binadamu mmoja, na ndani ya mkondo huo zinachomoza tuni ambazo hakuna aliyezipiga peke yake. Entenga, ngoma zilizopangwa kwa sauti, zilipigwa kwa kanuni hiyohiyo, wapigaji wanne wakigawana ngoma 12.

Rekodi za Tracey za 1950 na 1952 zinautoa mkondo huo vizuri sana. Kisichotoka ni nani amepiga nini. Maikrofoni mbili na mfuo wenye kuta mbili zingemweka mpigaji mmoja kushoto na mwenzake kulia, na mwanafunzi angeweza kuzima upande mmoja na kujifunza mwingine, kama yule mteja wa duka la Mahoko anayesikia gitaa bila mwimbaji. Mtafiti Gerhard Kubik kutoka Austria, aliyefika Kampala mwishoni mwa 1959 na kufundishwa na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu, alijifunza kwa kukaa chini na kushika vijiti. Miaka michache baadaye, kwa marimba za Msumbiji, alitumia filamu isiyo na sauti, akahesabu picha moja baada ya nyingine ili aone fimbo imegusa kipande gani. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka. Ala ziliharibiwa, wapigaji wakatawanyika. Anayetaka kuifufua entenga leo anaanza na rekodi ambamo wapigaji wanne wamekuwa mmoja.

Haifai kudai kwamba sikio moja liliharibu kila kitu. Mwaka huohuo wa 1952, mjini Jadotville ambayo leo ni Likasi, Tracey alimkuta kijana Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa mtaani, akarekodi wimbo wa Masanga. Wapenzi wa gitaa mbali na Katanga walidhani wanasikia magitaa mawili. Lilikuwa moja, vidole vichache, na maikrofoni moja. Stirio isingeongeza chochote hapo. Pengine ingeufichua mchezo mapema.

Wala stirio haikuwafikia wasikilizaji wa Afrika Mashariki na Kongo siku ileile ilipotangazwa New York. Mashine ya betri yenye spika yake kifuniko-ni ilitoa sauti moja hata ikipewa santuri ya sauti mbili. Zile za kukaza kwa mkono, zenye sindano ya chuma na kichwa kizito, zilikuwa hatari: sindano isiyokubali kupanda na kushuka huparua kuta za mfuo wa stirio, na baada ya mizunguko michache bonde linabaki tambarare. Ndiyo sababu kwa miaka kadhaa makampuni yalitoa wimbo uleule mara mbili, wa mono na wa stirio.

Burundi bado inampa nafasi mwenye maikrofoni mbili. Ngoma za huko hupangwa nusu duara kuizunguka inkiranya, ngoma ya katikati inayotoa amri. Upande wa amashakwe unashika mwendo usiokatika, wa ibishikiso unaifuata inkiranya. Hiyo ni stirio iliyokuwapo kabla ya umeme. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alizirekodi kwa ajili ya santuri za Ocora za Ufaransa, na kufikia miaka ya 1970 wanamuziki wa Ulaya na Amerika walikuwa wakizichota kutengenezea nyimbo zao.

Katika harusi za Rubavu, ngoma na intore zinapoingia uwanjani, simu nyingi huinuliwa juu. Simu nyingi za sasa zina maikrofoni mbili, moja kila ncha, na baadhi hurekodi stirio zenyewe bila kuulizwa. Lakini zikishikwa wima, sikio moja linatazama mbinguni na jingine ardhini, na ngoma zote zinarudi katika tundu moja la mwaka 1936. Ikilazwa, maikrofoni moja inakuwa upande wa ishakwe na ya pili upande wa impuma.